Mwenye Macho Haambiwi Tazama: Marekani ya Mambo Madogo



Wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaofuatilia tafakari hii ya kila juma,

Ndugu yetu akirudi kutoka Marekani, maswali yanayomngoja yanajulikana hata kabla hajaketi. Mshahara wa huko ni kiasi gani? Baridi yake ikoje? Nyumba zao ni kubwa kama tunavyoziona kwenye sinema? Naye akishajibu, wasikilizaji hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza huondoka wakiamini kwamba Marekani ni mlango wa pili wa mbinguni. Wa pili huondoka wakitikisa kichwa, wakisema kwamba huko ni Babeli tupu, watu hawamjui Mungu wala jirani.

Mimi nasema makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: yametazama mambo makubwa tu. Majengo marefu, vita, uchaguzi, fedha na sinema ni mambo ambayo taifa huyaweka mbele ili yaonwe. Lakini taifa, kama mtu, hujieleza zaidi kwa mambo madogo ambayo halikukusudia mgeni ayaone. Ukitaka kuijua nyumba, usiangalie zulia la sebuleni peke yake; angalia mahali wanapoweka viatu, na namna wanavyomjibu mtoto anapoomba maji usiku.

Nilikaa Ohio miaka mitatu kwa masomo, nikisaidia parokia ya huko mwisho wa juma. Juma hili napenda tutembee pamoja katika mambo machache madogo ya maisha ya kila siku ya Wamarekani. Mengine yanachekesha, mengine yanaumiza. Yote, kwa maoni yangu, yanafundisha.

Kisahani cha senti

Kwa miaka mingi, ukiingia katika duka dogo la Marekani, kama vile la kituo cha mafuta, ulikuwa ukikuta kando ya mashine ya malipo kisahani chenye sarafu chache za rangi ya shaba, za senti moja moja. Kanuni yake ilikuwa fupi: ukiwa na senti ya ziada, iache, ukipungukiwa na senti, ichukue. Hapakuwa na daftari wala mlinzi. Aliyeacha hakumjua atakayechukua, na aliyechukua hakujua amshukuru nani. Nchi inayosifiwa kwa kuhesabu kila kitu iliruhusu, pale pale mbele ya mashine ya kuhesabia, kisahani kisichohesabiwa.

Senti hiyo yenye sura ya Rais Lincoln ilianza kutolewa mwaka 1909, na tangu mwanzo ilibeba maneno yasemayo kwamba wananchi wa nchi hiyo wanamtumaini Mungu. Maneno hayo yalifanywa rasmi kuwa kaulimbiu ya taifa mwaka 1956. Mwezi Novemba 2025, huko Philadelphia, zilipigwa senti za mwisho kwa ajili ya matumizi ya kawaida, baada ya sarafu ya senti kuwapo tangu 1793. Sababu ni ya kiuchumi: kutengeneza senti moja kuligharimu zaidi ya senti tatu. Senti zilizoko mikononi bado ni fedha halali, lakini zitapungua, na visahani vyake vitapungua pamoja nazo.

Mchumi ana haki ya kufurahi. Lakini sisi tunasoma katika Injili ya Marko, sura ya 12, kwamba Bwana wetu aliketi kulielekea sanduku la hazina, akatazama jinsi watu walivyotoa. Matajiri walitoa nyingi, naye mjane akatoa sarafu mbili ndogo kabisa. Wengi walikuwamo hekaluni siku ile, lakini aliyeziona sarafu zile mbili na kuwaita wanafunzi kuwaonyesha ni Yesu. Kutazama vitu vidogo ni tabia ya Kristo mwenyewe, wala tusiihesabu kuwa kazi ya watu waliokosa shughuli.

Bendera nyekundu na mahindi mabichi

Katika vijiji na vitongoji vingi vya Marekani, sanduku la barua husimama juu ya nguzo kando ya barabara, mbele ya nyumba. Ubavuni mwake kuna kibendera chekundu cha bati. Mwenye nyumba akiwa na barua ya kutuma, huiweka ndani ya sanduku na kukisimamisha kibendera. Mleta barua akipita, huona ishara, huichukua barua na kukilaza tena. Masanduku mengi ya namna hiyo hayana kufuli.

Wakati wa kiangazi utaona pia, kando ya barabara za mashambani, meza yenye mahindi mabichi, nyanya au maboga, na kopo la kuwekea fedha. Muuzaji hayupo. Bei imeandikwa kwenye kipande cha mbao. Unachukua mahindi, unaweka fedha, unaendelea na safari.

Msiharakishe kuwatangaza watakatifu. Mwendo mfupi kutoka kwenye meza ile unaweza kukuta nyumba yenye kamera mlangoni na kibao kinachoonya kwamba mwenye nyumba ana bunduki. Uaminifu na hofu wanaishi mtaa mmoja. Ndivyo ilivyo hata kwetu: mtu huyo huyo anayemwachia jirani ufunguo wa nyumba huajiri mlinzi kwa kumwogopa jirani wa pili. Mambo madogo hayatupi hukumu nyepesi kuhusu watu wengine. Yanatuonyesha kwamba nao, kama sisi, ni ngano na magugu katika shamba moja.

Basi la njano

Nikiulizwa ni kitu gani cha Marekani ningependa kila Mtanzania akione kwa macho yake, sitataja jengo. Nitataja basi la shule likiwa limesimama.

Mabasi hayo yana rangi moja ya njano karibu nchi nzima. Jambo hilo lilianza mwaka 1939, wataalamu wa elimu na usafiri walipokutana katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakakubaliana juu ya rangi itakayoonekana vizuri hata alfajiri yenye mwanga hafifu. Basi likisimama kupakia au kushusha watoto, taa nyekundu humweka, na kibao chekundu cha kuamuru kusimama huchomoza ubavuni. Hapo, kwenye barabara isiyogawanywa katikati, magari ya pande zote mbili husimama: lori lenye shehena, gari la tajiri, gari la mfanyakazi aliyechelewa. Wote wanangoja. Kisha anashuka mtoto mmoja mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, anavuka taratibu, pengine anasimama kuokota kitu alichoangusha. Hakuna anayepiga honi. Kibao kikirudi ubavuni, maisha yanaendelea.

Bwana wetu alimchukua mtoto akamweka katikati ya wanafunzi waliokuwa wakibishana nani aliye mkubwa. Sijaona tafsiri ya mtaani ya tendo hilo iliyo wazi kuliko basi lile.

Sasa tujitazame. Mnajua, kama ninavyojua, yanayowapata wanafunzi wetu katika vituo vya daladala saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kuwa nauli yao ni pungufu, konda huwazuia mlangoni, dereva huondoa gari mtoto akiwa na mguu mmoja ndani, na sisi watu wazima tuliokwisha kupata viti tunatazama dirishani upande wa pili. Baadhi ya madereva, makonda na wenye magari hao ni wanaparokia wetu. Hupokea Komunyo Dominika, na Jumatatu humsukuma mtoto wa mwanajumuiya mwenzao. Nalisema hili kwa upendo, lakini nalisema. Hatuhitaji utajiri wa Marekani ili kumruhusu mtoto apande gari. Tunahitaji kumwona tu.

Na ili tusije tukawasujudia Wamarekani, niongeze jambo la pili. Mtoto yule yule ambaye barabara nzima ilisimama kwa ajili yake, akifika shuleni hufanya zoezi la kuzima taa, kufunga mlango na kujibanza kimya kwenye kona ya darasa, ajifunze la kufanya siku atakapoingia mtu mwenye bunduki. Mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999 yalifuatwa na mengine mengi, na mazoezi haya yakawa sehemu ya kawaida ya masomo. Nchi iliyofaulu kuyasimamisha magari imeshindwa kuzisimamisha risasi. Fumbo hilo sikulielewa nilipokuwa huko, wala silielewi leo. Lakini ni bora kukaa mbele ya fumbo la kweli kuliko kubeba jibu la uongo.

Ghorofa isiyokuwapo

Tucheke kidogo. Ukipanda lifti katika majengo mengi marefu ya Marekani, soma vitufe kwa makini: 10, 11, 12, 14. Ya 13 haipo. Watu waliompeleka mwanadamu mwezini mwaka 1969 wanaogopa kukilaza kichwa katika ghorofa ya 13, kwa kuwa namba hiyo inadhaniwa kuwa na mkosi. Bila shaka ghorofa yenyewe ipo. Anayelala ya 14 amelala ya 13 iliyobadilishwa jina.

Kabla hatujawacheka sana, tukumbuke kwamba nasi tuna ustadi wa kubadilisha namba za ghorofa. Rushwa tuliwahi kuiita takrima, tukaiingiza hata katika sheria ya uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Uzinzi tunauita nyumba ndogo. Wizi kazini tunauita kujiongeza. Mtu akija kitubioni, kazi ya kwanza ya toba ni kurudisha kitufe cha 13 mahali pake, yaani kuita jambo kwa jina lake. Jina jipya halijawahi kulihamisha jengo.

Samaki wa Ijumaa

Kuna jambo dogo ambalo Wakatoliki tunapaswa kulijua kwa kuwa ni letu. Mkate wenye samaki unaouzwa na McDonald's, ujulikanao kama Filet-O-Fish, ulizaliwa kwa sababu ya Kwaresima. Mwaka 1962 Lou Groen, aliyekuwa na mgahawa wa kampuni hiyo eneo la Cincinnati, aliona kwamba siku za Ijumaa mgahawa wake ulikuwa mtupu. Eneo lile lilijaa Wakatoliki, na siku hizo Ijumaa zote zilikuwa siku za kutokula nyama. Akabuni mkate wa samaki. Mkuu wa kampuni, Ray Kroc, alikuwa na wazo lake: mkate wenye kipande cha nanasi na jibini. Wakakubaliana kujaribu vyote viwili siku moja ya Ijumaa, na samaki akashinda kwa mbali.

Hebu tutafakari. Waamini wale hawakuandamana wala hawakuandika barua ya malalamiko. Walibaki nyumbani Ijumaa, basi. Na ukimya wao ukaonekana katika hesabu za mfanyabiashara hadi akabadilisha orodha ya vyakula. Ushuhuda wa imani mara nyingi ni hivyo: jambo dogo linalofanywa na wengi kwa uaminifu, bila kelele.

Mwaka 1966 maaskofu wa Marekani walilegeza sharti hilo kwa Ijumaa nyingi za mwaka, wakilibakiza kwa Kwaresima na kuwahimiza waamini waendelee kwa hiari. Leo, Ijumaa za Kwaresima, kumbi za parokia nyingi za Ohio hujaa watu wanaokula samaki wa kukaanga. Wanaume wa parokia wamefunga aproni, wazee wanacheza karata, na majirani wasio Wakatoliki wamepanga foleni. Mwenye macho makali atauliza: mfungo umegeuka karamu? Swali ni halali. Lakini nimewaona pale wajane ambao, kwa juma zima, huo ndio ulikuwa mlo wao pekee wa kula na watu. Sikupata ujasiri wa kuwahubiria juu ya ukali wa mfungo.

Ghala la kukodi na salamu isiyosimama

Hapo tunafikia kidonda. Kandokando ya miji ya Marekani utaona safu ndefu za vyumba vya bati visivyo na madirisha, vyenye milango ya kukunja inayofanana. Haviishi watu. Ni maghala ya kukodi, ambamo watu hulipa kila mwezi ili kuweka vitu visivyoenea nyumbani: makochi, masanduku ya vitabu, gauni la harusi, vyombo vya mama aliyefariki. Mwenye kukodi akishindwa kulipa kwa muda fulani, sheria huruhusu vitu vyake vipigwe mnada, na picha za familia humwangukia mtu asiyeijua familia hiyo. Kila nilipopita pale nilimkumbuka yule tajiri wa Luka, sura ya 12, aliyebomoa ghala ili ajenge kubwa zaidi. Lakini nilijifunza pia kwamba si wote waliokodi ni matajiri. Wengine wametoka katika talaka, wengine wamepoteza nyumba, na kile chumba cha bati ndicho kilichobaki cha maisha waliyokuwa nayo.

Jambo la pili ni salamu. Mmarekani akikutana nawe atakuuliza kwa uchangamfu u hali gani, na kabla hujajibu amekwisha kupita. Kwao si utovu wa adabu; ni sauti ya kupishana, kama honi ndogo ya urafiki. Kwetu salamu ni mlango: habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, za kazi, na mvua je, imenyesha? Mwezi Mei 2023 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa waraka akitangaza upweke kuwa tatizo la afya ya taifa, na kueleza kwamba karibu nusu ya watu wazima wa nchi hiyo walikuwa wameonja upweke. Niliposoma habari hiyo sikushangaa. Nilikuwa nimeuona upweke huo katika salamu isiyosimama.

Nawaambia haya kwa sababu maalumu. Wazazi wengi huja kwangu wakilia juu ya mtoto aliyeko ughaibuni: amebadilika, hapokei simu, ana kiburi. Pengine ni kweli. Lakini jueni kwamba saa mbili ya usiku kwetu ni mchana wa saa saba kwao huko Ohio, au saa sita kipindi cha baridi; mtoto yuko kazini, na simu ikikaa mfukoni si lazima moyo nao uwe mfukoni. Pengine anaporudi usiku ninyi mmelala, naye anakaa peke yake katika chumba ambamo hakuna atakayemwuliza habari za leo. Simu yetu ya kwanza ikianza na ada za shule na mabati ya nyumba, tunamsalimu kama Mmarekani apitaye: tunauliza hali, hatungoji jibu. Baba, mama, juma hili mpigie kijana wako katika saa zake, usimwombe chochote. Mwulize amekula nini.

Mnyama wa tarehe 2 Februari

Namalizia na ajabu kubwa kuliko zote. Kila tarehe 2 Februari, alfajiri, maelfu ya watu hukusanyika katika mji mdogo wa Punxsutawney, Pennsylvania, kumtazama mnyama mnene wa jamii ya kindi aishiye shimoni, aitwaye Phil. Wazee waliovaa kofia ndefu nyeusi humtoa nje kwa heshima. Akiona kivuli chake, inasemwa baridi itaendelea majuma sita. Asipokiona, majira ya kuchipua yatawahi. Desturi hiyo hufanyika huko tangu 1887.

Kwa nini tarehe hiyo? Kwa sababu ndiyo Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya kubariki mishumaa. Wakulima wa Ulaya walizoea kubashiri hali ya hewa kwa mwanga wa siku hiyo. Wahamiaji wa Kijerumani wakaihamishia desturi Pennsylvania. Hatimaye mishumaa ikasahauliwa, akabaki mnyama. Wengi wanaomshangilia hawajui kwamba chini ya kicheko chao kuna sikukuu ya Kanisa, kama kisima cha zamani chini ya soko.

Na sikukuu hiyo inaadhimisha nini? Inaadhimisha wazee wawili wenye macho. Siku ile Yusufu na Maria waliingia hekaluni wakiwa na mtoto na sadaka ya maskini. Makuhani walikuwapo, walimu wa sheria walikuwapo, umati ulikuwapo. Simeoni na Ana peke yao ndio waliosimama, wakatazama, wakamtambua Mwokozi katika kitu kidogo kama mtoto mchanga. Wengine wote walikuwa na shughuli.

Pengine mtu atasema: Padre, si hatari kuzoea kuchunguza ya watu? Je, huo si umbea? Hapana. Mmbea hutazama ili apate la kusimulia. Apendaye hutazama ili apate wa kumhudumia. Mmbea akiona ghala la kukodi husema hawa wana tamaa. Apendaye huuliza ni nani aliyepoteza nyumba. Macho ni yale yale, moyo ndio tofauti.

Basi, kwa ajili ya Jumuiya Ndogo Ndogo za juma hili, nawaachia maswali matatu:

1. Ni jambo gani dogo katika mtaa wetu ambalo mgeni angeliona na kujifunza wema? Ni lipi angeliona na kuhuzunika?

2. Ni dhambi gani tumeipa jina jipya ili tuweze kulala nayo katika ghorofa moja?

3. Katika kituo chetu cha daladala, nani atasimama kwa ajili ya mtoto?

Swali la tatu lisiishie katika majadiliano. Naomba kila jumuiya ichague watu wawili wa kusimama kituoni asubuhi kwa zamu, kuanzia Jumatatu, na viongozi waniletee taarifa baada ya Misa ya Dominika ijayo. Wenye daladala na makonda wa parokia yetu nitakutana nao Jumamosi saa kumi jioni ukumbini. Waje, nitawaandalia chai, nasi tutazungumza kama ndugu.

Mungu atujalie macho ya Simeoni na uvumilivu wa Ana. Nawatakieni juma jema na Dominika yenye baraka.

Padre wenu